Kibanda Chetu cha Siku Saba

Juzi nilipita Shauri Moyo. Sikuwa na shughuli huko. Nilikuwa nimetoka Gikomba kununua mapazia, nikaona badala ya kuzunguka nikate kwa ndani. Nawe unajua mitaa ile ilivyo: ukishakata kwa ndani, miguu inajifanya inajua kuliko kichwa. Nikajikuta kwenye safu yetu ya zamani, mbele ya mlango wetu, nao siku hizi umepakwa rangi ya kijani. Mkokoteni ukapita umesheheni nyasi za nepia, mbichi, zimekatwa asubuhi hiyohiyo. Harufu yake ikanishika. Nikasimama hapo kama mlingoti, mapazia yangu kwapani, mpaka mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza, "Madam, unatafuta nani?"

Nikamwambia simtafuti mtu. Halafu nikacheka peke yangu, naye akaingia ndani haraka kidogo.

Ningemweleza nini? Kwamba hapo alipofunga kamba yake ya nguo ndipo tulipojenga kibanda, tukala humo siku saba kwa furaha, huku nyumba yetu nzima ikining'inia kwa uzi? Wewe nitakueleza, kwa sababu wewe una subira.

Tulikuwa Wayahudi. Usishtuke. Tulikuwa familia saba tu, Wakamba kwa Wakikuyu, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji la Nairobi, huko Shauri Moyo. Hatukuwa na jengo la ibada wala rabi. Tulikuwa na Mwalimu. Na Mwalimu mwenyewe hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa karani wa ghala, Mkikuyu mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia. Ujanani alifanya kazi miaka mingi katika duka la vitambaa la mzee mmoja Myahudi mjini. Wateja wakipungua, mzee alimfundisha herufi za Kiebrania juu ya kaunta, kwa chaki ya kukatia nguo. Mzee aliposafiri asirudi tena, alimwachia vitabu viwili na kofia moja. Mwalimu akavisoma vile vitabu mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa, kisha akaanza kufundisha wengine. Baba na Mama walikuwa wa kwanza kumsikiliza, kabla mimi sijazaliwa.

Wapo watakaokwambia hatukuwa Wayahudi wa kweli. Sijui. Shule yangu iliishia darasa la saba na hayo mambo ni makubwa. Ninachojua ni kwamba Ijumaa jua likizama, kwetu hakuna aliyegusa kiberiti mpaka Jumamosi jioni nyota tatu zionekane. Watoto wa mtaa walituita Wajumamosi. Wakitukuta tumekaa mlangoni na nguo safi, hatuchezi mpira, hatuchoti maji, walikuwa wakipaza sauti, "Niaje, Wajumamosi! Leo hata kupumua mmekatazwa?"

"Kupumua tunaruhusiwa," kaka yangu alikuwa akiwajibu. "Kukimbizana na nyinyi ndio tumekatazwa. Ngojeni Jumapili."

Na Jumapili kweli aliwakimbiza, ila baada ya darasa. Darasa letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Jumapili asubuhi, wakati mtaa mzima uko kanisani na ngoma zinasikika kutoka kila upande. Tulikaa mkekani watoto kumi na wawili, tumebanana kama sabuni kwenye katoni. Baba alikuwa mchongaji. Mchana alichonga twiga na vifaru wa kuuziwa watalii, na vipande vya mbao vilivyobaki alivichonga herufi. Zilikuwa herufi ishirini na mbili, kila moja kubwa kama kiganja, zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Mwalimu alikuwa akituambia tufumbe macho, anatupa herufi mkononi, tunaipapasa na kuitaja. Mpaka leo ukinipa herufi ya Kiebrania gizani nitakutajia. Ukiniandikia ubaoni, hapo sikuhakikishii.

Siku ya kwanza ya mtoto darasani Mwalimu alidondosha asali juu ya herufi ya kwanza, alefu, na mtoto akailamba. Hiyo ilikuwa desturi aliyoachiwa na yule mzee wa dukani, ili elimu ianze kwa utamu. Asali yetu ilitoka Ukambani, kwa Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya. Ilikuwa nyeusi, nzito, na hapa na pale mna mguu wa nyuki. Siku yangu ilipofika nililamba, nikageuza, nikalamba na upande wa nyuma, mpaka Mwalimu akaninyang'anya. "Basi, mama," akasema, "tuachie na wengine elimu."

Na chakula! Kwa kuwa Jumamosi hatukuwasha moto, Mama alikuwa akiinjika isyo Ijumaa mchana, mahindi na maharagwe na kunde, na jioni anaufukia mkaa kwa jivu ili uwake polepole usiku kucha. Jumamosi saa sita ukifunua ile sufuria, mahindi yamefunguka kama maua na mchuzi umekuwa mzito, mtaa mzima unajua. Mkate aliusuka kwa mafungu matatu kama nywele, akauoka ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa juu ya kifuniko. Divai yetu ilikuwa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chupa. Watoto tuligombania zile zabibu zilizovimba chini.

Jirani wa mlango wa nne, Mkikuyu, mama wa kanisa hasa, mwenye roho nzuri na mdomo usio na kizuizi, alituhurumia sana. Ijumaa moja alitoka nje akaona jiko letu linafuka moshi peke yake mlangoni. Akasema hawa watu wataunguza mtaa, akalimwagia karai zima la maji. Asubuhi yake tulikula mahindi magumu kama kokoto. Hakuna aliyemlaumu, maana alikuja mwenyewe kuuliza, kwa fahari kabisa, "Mliona nilivyowaokoa?" Baba, mdomo umejaa, akamjibu, "Tunakutafuna hapa, mama. Yaani tunakushukuru."

Sasa ngoja nifike kwenye kibanda.

Kila mwaka ikikaribia Oktoba Mwalimu alitusimulia Sikukuu ya Vibanda: jinsi watu wa Musa walivyokaa jangwani bila nyumba, na jinsi Wayahudi kila mahali hujenga kibanda nje, wakala humo siku saba ili wasisahau. Alisimulia tu. Kujenga hatukuwahi, kwa sababu nyumba zilikuwa za kanjo na kuongeza hata banda la kuku kulikatazwa. Lakini mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, Mwalimu alisimama mbele ya wazazi akasema amezeeka kwa kusimulia. Anataka kukaa ndani ya kibanda angalau mara moja. Baba akasema, "Basi tujenge kwangu." Mama akamtazama. Baba akasema tena, polepole zaidi, "Tujenge kwangu."

Na mimi nilipewa mstari. Siku ya saba, jioni, watoto wangesimama kibandani wasome mbele ya wazazi, na mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wangu. Niliukariri nikichota maji, nikiosha vyombo, nikichekecha mchele. Niliuota. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kibanda kisimame mpaka nisome.

Siku mbili kabla ya sikukuu Susu akatokea kutoka Ukambani, bila barua, na kikapu cha asali na kuku wawili. Susu alikuwa Mkristo wa kitambaa cheupe kichwani, kiongozi wa akina mama, na alikuja kwa shughuli moja. Tuliisikia kabla hajavua viatu. "Nimekuja kumtoa mwanangu katika mambo haya," alimwambia Mama. Halafu akachungulia dirishani, akawaona wanaume wanasimamisha fito, na fito zimepinda. "Nani amewafundisha kujenga?"

Asubuhi iliyofuata wanaume walipokwenda kazini, Susu alijifunga leso kiunoni akaingia uwanjani. Alikuwa ameezeka nyumba tangu usichana wake. Tulimletea nepia kwa mkokoteni, majani ya migomba, majani ya miwa yaliyotupwa sokoni, naye akayapanga safu juu ya safu, akifunga kwa kamba za katani, akiimba nyimbo za kanisani. Kuta zilikuwa mashuka na leso za Mama. Ilipofika alasiri, paa lilikuwa limekaa kama kofia. Susu akaniambia nimwage ndoo ya maji juu. Nikapanda kwenye kiti, nikamwaga. Halikupita hata tone.

Mwalimu akafika na koti lake, uso unang'aa. Akaingia, akainua macho, na uso ukazimika.

"Mama," alisema kwa heshima, "kazi hii ni nzuri mno."

"Najua."

"Ni nzuri kupita kiasi. Paa la kibanda hiki, mama, ni lazima usiku tuone nyota kati ya majani. Na mvua ikinyesha, iingie."

Susu alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Mtoto wa Wakikuyu," akasema, "unaniambia nimekosea kwa sababu haivuji?"

"Ndiyo, mama."

"Ai! Nimezaa watoto wanane chini ya mapaa yangu na hakuna aliyewahi kulowa. Leo nimekuja Nairobi kufundishwa kuvujisha!"

Baba akataka kupanda yeye mwenyewe kulipunguza, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka. Susu akamzuia kwa mkono. "Usiguse. Kama ni kuharibu, nitaharibu mimi, ili kuharibika kuwe na mpango." Akapanda. Akachomoa majani fungu baada ya fungu, akisonya kila mara, mpaka mbingu ikaonekana kwa vipande. Nakumbuka alichomoa kwa ustadi uleule aliofumia, hata matundu yake yalikuwa mazuri.

Jioni ile mwezi ulikuwa mpevu. Tulikaa kwenye mikeka familia saba, magoti kwa magoti, sahani zikipita juu ya vichwa. Mwalimu alishika tawi la mtende na ndimu kubwa ya Gikomba, akatuambia tunda hasa la sikukuu ni lingine, ila Mungu anajua soko letu. Watoto tulilala chali tukihesabu nyota kupitia matundu ya Susu. Mtaa ulikuja kutazama. Jirani wa mlango wa nne alifunua shuka, akatupiga jicho sote.

"Haya, semeni ukweli. Kunguni wamewashinda?"

"Ni sikukuu yetu, jirani," Mama akasema. "Karibu."

"Sikukuu ya kuhama nyumba na kulala nje? Hiyo mimi naiona kila siku hapa Eastlands bila sikukuu." Lakini akaketi. Akala sahani mbili.

Siku ya tatu, alasiri, akaja mkaguzi wa nyumba. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, suruali imebanwa kwa vibanio vya baiskeli, faili kwapani. Hakupayuka. Alizunguka kibanda mara moja, akatikisa fito, akafungua faili.

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

Baba akasimama. Mwalimu naye akasimama kando yake.

"Hili jengo limeruhusiwa na nani?"

"Mzee, ni la siku saba tu," Mwalimu akasema. "Leo ni ya tatu. Zimebaki nne."

Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyechoka. "Bwana, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuniambia anajenga milele. Wote ni siku saba. Mmoja aliniambia ni wiki mbili tu, ya kuhifadhi mkaa. Sasa ana watoto watatu humo ndani, na wa mwisho amempa jina langu." Akaandika. "Kesho kiwe kimeondolewa. Kisipoondolewa, si kibanda tu. Nyumba yenyewe inarudi kwa kanjo, inapewa mwingine. Sheria si yangu."

Nilitazama mlango wetu, dirisha letu, karai letu ukutani, nikaona kama tayari ni vya watu wengine. Baba alikuwa anakunja na kukunjua vidole vyake vya kuchongea.

Ndipo mvua ya Oktoba ikashuka, ile isiyobisha hodi. Mkaguzi, kwa mazoea, akaruka ndani ya kibanda kujikinga. Nasi tukaingia nyuma yake. Maji yakapita kati ya majani kama kwenye chujio. Yakamwagika kwenye kofia yake, kwenye faili, shingoni. Akahamia kona ya pili, huko nako yakamfuata.

"Hii nini!" akapiga kelele. "Mtu gani anajenga paa hivi?"

"Usiniangalie mimi," Susu akasema kutoka kwenye kigoda chake, ametulia, sahani kichwani. "Nililiziba. Wakanilazimisha kulitoboa."

Mkaguzi akamgeukia Mwalimu, lakini mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu hilo lilikuwa somo letu la wiki tatu na sikuweza kujizuia. Nikamwambia lisipovuja halifai. Likizuia mvua linakuwa nyumba, na nyumba tunayo, ile pale. Hapa tunakaa kukumbuka siku ambazo watu hawakuwa na nyumba kabisa, na mtu hawezi kukumbuka vizuri akiwa mkavu.

Alinitazama, matone yakimdondoka puani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika fito, na fito ikamletea maji mengine.

"Mimi," akasema alipopata pumzi, "sijawahi kuona mtu anayejenga nyumba kwa siri akaacha mvua iingie." Akakung'uta faili. "Basi. Siku saba mmesema. Asubuhi ya siku ya nane nitapita hapa na askari wawili. Nikute uwanja mtupu, umefagiwa. Nikikuta hata fito moja, ile barua ya nyumba naipeleka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" Mwalimu akasema, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Siku ya nane asubuhi. Nimetoa neno langu."

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha ajabu. Akina mama walipika kwa zamu, watoto tukashinda tukitundika kwenye kuta machungwa, vitunguu na ndege wadogo wa mbao waliochongwa na Baba. Jirani wa mlango wa nne alianza kuleta cherehani yake kibandani mchana, kwa sababu kuna hewa. Hata Susu alikuwa akisikiliza masomo, amegeuza uso upande kama hasikii, kisha jioni anamuuliza Mama, "Yule Yakobo, mwishowe alimpata yule msichana?"

Siku ya saba ikafika. Nilivaa gauni la manjano. Jua likiwa limeinama, watoto wakasoma mmoja mmoja, nikasimama mimi. Nilisoma kwa Kiebrania bila kukosea, halafu nikasoma kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kama Mwalimu alivyonifundisha. Mstari wangu ulihusu siku inayofuata zile saba. Ulisema kwamba siku ya nane nayo ni takatifu, na siku hiyo mtu asifanye kazi yoyote.

Nilimaliza, nikangoja kupigiwa makofi. Hakuna aliyepiga.

Mwalimu alikuwa amekaa mdomo wazi. Alikuwa amenifundisha mstari ule wiki tatu, neno kwa neno, na siku ile ya mvua, kwa furaha, akatoa ahadi iliyo kinyume chake. Kubomoa kibanda ni kazi. Siku ya nane ingeanza jua likizama, na jua lilikuwa limefika kwenye ncha ya paa la jirani.

"Bado kuna nusu saa," mmoja wa akina baba akasema, akiruka juu. "Tubomoe sasa hivi!"

"Tukibomoa sasa," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hatujakaa siku saba. Tumekaa sita na kidogo." Kisha akamgeukia Baba. "Lakini nyumba ni yako. Kosa ni langu. Sema wewe."

"Si tumwombe jirani atubomolee kesho?" Mama akauliza.

"Hata kumwomba mtu atufanyie kazi siku hiyo hatuwezi. Kuomba ni kama kufanya."

Nilitaka kulimeza lile gauni langu la manjano. Niliona kama ni mimi niliyeleta balaa kwa kusoma vizuri. Baba alitazama nyumba, akawatazama ndege wake wa mbao wakizunguka kwenye nyuzi. Kisha akanivuta kwake, akanikalisha kwenye paja.

"Mtoto amesoma," akasema. "Tutakaa."

Tukakaa. Tukala, hata tukaimba, ingawa Mama aliimba akiitazama nyumba. Susu alikuwa kwenye kigoda chake, anachokonoa meno.

Asubuhi niliamshwa na kishindo cha fito. Nikakimbia mlangoni. Susu alikuwa juu ya kiti, leso kiunoni, anakata kamba za katani. Baba akatoka kwa haraka. "Mwaitu! Mama yangu, unafanya nini? Hatujakuomba!"

"Nani amesema mmeniomba?" Susu akajibu bila kugeuka. "Mimi sikuahidiana na Musa kitu chochote. Hili paa ni langu, na ninatoa nyasi zangu. Rudi ukakae."

Muda si muda jirani wa mlango wa nne akatoka, naye hakuuliza. Alimtazama Susu, akatutazama sisi tumesimama mlangoni na nguo za sikukuu, mikono inatuwasha, akafunga leso yake na kuanza kupokea fito. Wakaja wengine wawili wa safu ya nyuma. Watoto waliokuwa wakituita Wajumamosi wakabeba majani. Sisi familia saba tulikaa kibarazani, mikono magotini, tukitazama. Sijawahi kuchoka kama siku ile niliyokatazwa kufanya kazi.

Mkaguzi alipofika na askari wake, Susu alikuwa anafagia. Uwanja ulikuwa mtupu, na fito zimerudishwa ndani kupitia dirishani. Mkaguzi akatutazama.

"Na nyinyi wote wenye nguvu mmekaa, mnamwachia mama mzee?"

"Waache," Susu akasema. "Leo ni siku yao. Yangu ni Jumapili. Ukitaka kusaidia mtu, njoo siku hiyo unipikie."

Mkaguzi akaitoa ile barua ya nyumba kwenye faili, akaichana vipande vinne, na Susu akamwambia aiokote, amefagia hapo.

Jioni, nyota tatu zilipotokea, moto wa kwanza uliowashwa kwetu haukuwa wa chai. Baba alichemsha maji, akayapooza, akamwosha Susu mikono. Majani ya nepia yalikuwa yameikatakata yote. Alimwosha kidole kwa kidole, naye Susu akamwambia amekuja Nairobi kwa shughuli fulani ila ameisahau.

Hakuikumbuka tena. Kila mwaka alikuja kabla ya sikukuu, akaezeka paa vizuri, akalitoboa, na siku ya nane akaamka kabla yetu. Mwaka ule asioweza kuja tena, kibanda tulikijenga wenyewe, kikiwa kimepinda, na asubuhi ya siku ya nane jirani wa mlango wa nne alitoka nje akiwa ameshajifunga leso.

Sasa hayo yote hayapo. Mwalimu alirudi kwao Nyandarua akazikwa na kofia yake. Familia zimetawanyika, wengine Buruburu, wengine sijui, watoto wengine wamekuwa wa kanisa na wengine si wa kitu. Herufi za Baba zimebaki kumi na nne, na mtoto wangu wa kwanza alishalamba zile nilizonazo. Ninaishi Kayole, ghorofa ya tatu. Ninaposali, ninasali peke yangu, na Ijumaa nafukia mkaa kwa jivu kwenye veranda, nikiogopa mwenye nyumba. Watu wa kusali nao nawakosa. Lakini nikikwambia kweli, ninaowakosa zaidi ni wale ambao hawakuwa wetu, waliojua kalenda yetu kwa kutuangalia tu, wakatokea bila kuitwa.

Juu ya jengo letu kuna paa la zege la kuanikia nguo, na kutoka hapo nyota zinaonekana vizuri. Nimepima kwa hatua. Fito nane zinatosha, na mapazia niliyonunua juzi hayakuwa ya madirishani, kama ulidhani hivyo. Mwaka huu najenga. Ila siku ya nane sijui itakuwaje, na kuomba siwezi. Kwa hiyo jana, baada ya miaka minne ya kupishana ngazini, nilibisha mlango wa kushoto kwangu. Akafungua mama mmoja, unga mikononi. Nikamsalimu, nikamwambia naitwa nani. Akaifuta mikono kwenye leso, akasema, "Karibu ndani, jirani. Nilikuwa nikikuona tu."